Maombi ya Kufutiwa Kifo

Mama alipoanza kugawa vyombo vyake, watoto wakajua mambo si mazuri. Sufuria kubwa ilikwenda kwa huyu, kabati la vikombe kwa yule. Mashuka mapya ambayo hayajawahi kutandikwa akampa mkwe aliyegombana naye tangu siku ya harusi, makusudi kabisa, ili mwanamke wa watu ajisikie vibaya kila akilala. Figo zilikuwa zimechoka, na daktari siku hizi alikuwa akizungumza na watoto badala ya mgonjwa mwenyewe. Binti wa mwisho, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake pale barazani, hakupewa chombo chochote. Aliitwa chumbani, akaambiwa afunge mlango, akapewa kazi.

"Nataka uniulizie kitu serikalini," mama alisema.

Fundi akacheka. "Serikalini wapi tena, mama? Wewe ukiona bahasha yenye muhuri unaniambia niseme hupo."

"Sina mzaha mimi. Nataka kujua baba yangu alikufa lini."

Hapo kicheko kikamwisha. Habari za babu huyo katika nyumba ile zilikuwa chache mno. Alikwenda vitani mama akiwa bado mdogo, wa kubebwa mgongoni akichoka. Barua zilikuja, zikapungua, zikakatika. Hakuacha hata picha. Babu waliyemjua wao watoto alikuwa mwingine, seremala mpole aliyemwoa bibi baadaye, akawachongea vigari vya mbao na kuwafundisha kupiga mluzi. Huyo ndiye aliyekuwa babu. Yule wa kwanza alikuwa kama chumba ambacho nyumbani kipo lakini hakifunguliwi.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo mama hakuwahi kulisimulia, na siku hiyo alilisimulia akitazama dari. Nyumba hii hii waliyokuwamo ilikuwa kwa jina la huyo baba mwanajeshi. Alipopotea, bibi hakuweza kuitengeneza wala kupangisha chumba, kila ofisi inamwambia mwenye nyumba aje mwenyewe. Wakati huo utaratibu ulikuwa hivi: mwanajeshi akikaa muda mrefu bila habari, mke wake na mtoto mmoja wa damu walikwenda kwa msajili, wakaweka kidole gumba kwamba hawana habari zake, na serikali ikamwandika amekufa. Bibi alikuwa na mtoto mmoja tu.

"Nilikuwa nimeanza shule juzijuzi," mama alisema. "Nikabonyezwa kwenye wino, nikabonyeza karatasi. Nilijiona mtu mzima. Nilikataa kunawa mkono mpaka wino ukatoka wenyewe."

"Sasa, mama, hilo nalo ni la kukusumbua leo?"

"Namwona nikilala. Hasemi kitu, anakaa tu. Ndiyo maana nakuuliza. Siku ile naweka kidole, alikuwa amekwisha kufa, au mimi ndiye niliyemuua?"

"Mama, mtoto mdogo hamuui mtu kwa wino."

"Sijakuomba maoni yako. Nimekuomba tarehe."

Ndivyo alivyokuwa huyo mama, hata figo zikiwa zimegoma. Fundi akatoka macho yanamuuma kwa machozi aliyoyazuia, akampigia simu kaka yake, dereva wa malori ya masafa marefu, ambaye kila shida ya dunia huitatua akiwa hajazima injini.

"Mwambie alikufa kabla," kaka alisema. "Mwisho wa habari. Nani atakwenda kuhakiki?"

"Siwezi kumdanganya mama katika hali hii."

"Hali hii ndiyo ya kumdanganya, mdogo wangu. Hali ya uzima ungeweza?"

Fundi akakata simu. Alimpenda kaka yake, lakini kuna siku alitamani kumshona mdomo, na nyuzi alikuwa nazo.

Jioni hiyo alimpa mama dawa yake. Ilikuwa chungu kama shubiri, na kila akiinywa mama alirudia hadithi ya soda. Hadithi yenyewe watoto wote waliijua kwa moyo, maana haikupita sherehe wala chupa ya soda nyumbani kwao bila kusimuliwa. Kwamba utotoni, ameshakua kiasi, bibi alimpeleka kwenye ofisi moja yenye ukumbi mrefu. Kwamba karani alimpa soda ya baridi, ya kwanza katika maisha yake, lakini kifungulio hakikuonekana. Kwamba kwenye benchi alikaa mwanamume mmoja, amefungwa kitambaa kuzunguka taya kama mwenye jino bovu. Akaichukua ile chupa, akavua mkanda wake, akaifungua kwa chuma cha mkanda, paa, kizibo kikaruka mpaka dirishani.

"Sijanywa tena soda tamu kama ile," mama alimaliza, kama anavyomalizaga siku zote. "Na sasa daktari wenu huyo ananinyima hata funda."

Asubuhi Fundi akafunika cherehani, akatundika kibao cha "Nimetoka kidogo", na kwenda kwa msajili wa vizazi na vifo. Cheti alikipata upesi kuliko alivyotarajia, kwa sababu mtu akishaandikwa amekufa hakuna anayeona haja ya kumficha. Jina, kazi askari, mahali pa kifo hapajulikani, sababu ya kifo "hakuonekana tena". Na tarehe. Lakini tarehe ile ilikuwa ya siku ya kidole. Serikali haikujua babu alikufa lini, ilijua tu lini iliambiwa. Kwa hiyo ikabidi aende jeshini.

Ofisi ya kumbukumbu za jeshi ilikuwa jengo refu lenye madirisha madogo, na kwenye mabenchi ya nje wazee wastaafu walikuwa wakisubiri mambo yao, wakitaniana kuhusu nani alikimbia wapi. Dirishani alikaa koplo mmoja kijana, sare yake imepigwa pasi vizuri lakini mshono wa bega umeachia. Fundi alitaka kumwambia, akajizuia.

"Alifia vitani?" koplo aliuliza.

"Ndiyo tunavyojua."

Hapo kila kitu kiliwekwa kwa namna mtu alivyotoka jeshini, si kwa jina lake peke yake. Kulikuwa na kabati la waliouawa, la waliopotea, la waliotoroka, na la walioruhusiwa kurudi kwao. Koplo alikwenda kabati la waliouawa, akakaa huko muda mrefu, akarudi akitikisa kichwa. Akaenda la waliopotea. Napo hamna. Fundi akaanza kuogopa kabati la waliotoroka. Angemwambiaje mama kwamba babake alikuwa mtoro? Akashika ukingo wa dirisha. Wazee nyuma yake walikuwa wameacha utani wao, maana nao kila mmoja alijua kabati lipi ni la aibu.

Koplo akarudi na kadi ya kahawia iliyochakaa pembeni.

"Kwetu hajafa, dada," alisema. "Huyu aliruhusiwa. Majeraha ya uso. Alikaa hospitali ya jeshi muda mrefu, kisha akapewa nauli ya kurudi kwao."

"Kurudi kwao wapi?"

Koplo akasoma mtaa. Ulikuwa mtaa wao. Kisha akasoma tarehe, na Fundi akaiangalia mwenyewe, akatoa cheti cha kifo mkobani akakilaza kando ya kadi. Siku mama alipoweka kidole, baba yake alikuwa kitandani hospitalini, uso umefungwa, anapumua. Aliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya zaidi ya mwaka.

Akaondoka dirishani. Mzee mmoja akamsogezea nafasi kwenye benchi, akamuuliza ni mume au baba. Fundi akasema ni babu, mzee akasema pole sana mwanangu, kwa sauti ya mtu anayemaanisha, na Fundi akalia mbele ya watu asiowajua kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Hapo angeweza kuacha. Jibu alikuwa nalo, ingawa lilikuwa baya, na angeweza kwenda nyumbani kulificha. Lakini nauli ile ndiyo iliyomkaa rohoni. Mtu kapewa nauli ya kurudi kwao, kwao ni hapa, basi alifika? Kama alifia njiani, kidole cha mama kilikuwa kosa dogo, la karatasi tu. Kama alifika, nani alimfungulia mlango?

Akarudi kwa msajili, safari hii akateremshwa masjala, chumba cha chini ambako majalada ya zamani hulala yakinukia vumbi na gundi. Mwenye chumba alikuwa mama mmoja mnene wa maneno mengi, wenzake walimwita Mama Mihuri kwa sababu aligonga mihuri kama anayetwanga. Hakuwa mtu wa haraka. Alikuwa na redio ndogo, alikuwa na karanga, na alikuwa na hamu ya kujua mambo ya watu, na hiyo hamu ndiyo iliyomwinua kitini.

"Kumbe alirudi na kwetu ameandikwa marehemu?" alisema, macho yamemtoka. "Basi huyo lazima alikuja hapa. Mtu aliyekwisha kufa hawezi kupata hata kitambulisho. Wanakuja, wanajaza maombi ya kufutiwa kifo. Lipo kabati lao. Usicheke, wapo wengi."

Fundi hakuwa anacheka.

Jalada lilikuwa jembamba. Mama Mihuri akalifungua kwenye meza, akaanza kusoma kwa sauti kama anasoma gazeti saluni, kisha sauti ikaanza kushuka yenyewe. Mwombaji, askari aliyeruhusiwa, anaomba afutiwe kifo na arudishwe miongoni mwa walio hai. Anasema mke wake na binti yake wanaishi katika nyumba aliyoijenga. Kwa kuwa uso wake umeharibika na haufanani na picha iliyo jeshini, ofisi imeamua wanafamilia waitwe wamtambue.

"Mke akaja," Mama Mihuri alisema. "Hebu sikiliza. 'Shahidi anasema hamfahamu mtu huyu. Mume wake alikufa. Ameolewa tena, na ni mjamzito.'"

Mjamzito. Huyo tumboni alikuwa mjomba, mjomba wake Fundi, mtu mzima sasa mwenye wajukuu, anayekuja kila Jumapili kumkata kucha dada yake mgonjwa. Kama bibi angesema ndiyo, huyu ndiye, seremala angekuwa si mume, mjomba angekuwa mtoto wa nje, na nyumba ingekuwa ya mtu mwenye uso uliovunjika anayeketi mezani akidai maisha yake. Je, alimjua akamkana? Au alitazama uso ule kweli asimwone? Fundi aliwahi kumwona bibi akimtambua kuku wake kati ya kuku wa jirani arobaini kwa mwendo tu. Akahisi hasira, hasira ya kumkabili bibi ana kwa ana, bibi ambaye amekwisha kuwa udongo na ambaye ndiye aliyemfundisha kutia uzi kwenye sindano.

"Kuna na mtoto," Mama Mihuri alisema, sasa akisoma polepole. "'Binti wa shahidi aliletwa. Alimtazama mwombaji kwa muda. Akasema hamjui. Mwombaji aliomba mtoto aulizwe tena. Akaulizwa tena. Akasema hamjui.'"

Nyuma ya ukurasa huo ilikuwa imebanwa karatasi ndogo, kwa sababu ofisi ile haikutoa hata kalamu bila kuandika. Mama Mihuri akaigeuza. "Hati ya matumizi. Soda moja, ya mtoto wa shahidi." Akatabasamu kidogo. "Jamani, angalau walimpa soda."

Fundi akaomba maji. Akaletewa maji, hakuyanywa. Alikuwa anamwona mtu amefungwa taya kwa kitambaa, amekaa kwenye benchi la ukumbi mrefu, ameambiwa asubiri, na mbele yake mtoto anahangaika na chupa isiyofunguka. Miaka yote ile walikuwa wakicheka. Kaka alikuwa akiigiza kizibo kinavyoruka. Paa, mpaka dirishani.

"Baadaye ikawaje?" aliuliza.

"Aliambiwa alete shahidi mwingine. Hakurudi."

"Alikufa wapi, basi? Lini?"

Mama Mihuri akafunga jalada, akalishika kwa mikono yote miwili. "Hilo hutalipata, mwanangu. Kwetu alikwisha kufa. Hatumwandiki mtu kifo mara mbili." Kisha, kama aliyeona maneno yake yalivyotua, akazima redio.

Fundi alitembea mpaka nyumbani, ingawa ni mbali. Njiani alipanga maneno, akayapangua. Amwambie nini? Kwamba hakumuua kwa kidole, ila kwa mdomo? Kwamba aliulizwa mara mbili? Kuna ukweli ambao ukimpelekea mgonjwa wa kitandani unakuwa umemwongezea ugonjwa tu. Alipofika kona ya mtaa alikuwa amekata shauri, na akajua kaka yake angemcheka sana siku akijua.

Mama alikuwa macho, ameegemezwa kwenye mito, dirisha limefunguliwa ili aone watoto wakitoka shule. Alipomwona Fundi hakusalimia.

"Umepata?"

"Nimepata, mama." Akaketi pembeni ya kitanda, akaanza kuyakunja mashuka yasiyohitaji kukunjwa. "Alifia hospitali ya jeshi. Alikuwa amekwisha kufa kabla ya siku ile ya kidole."

"Kabla?"

"Kabla. Jeshi lilichelewa tu kuleta habari."

Mama akapumua. Ilikuwa pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Fundi akasema moyoni kwamba hata kama ni dhambi, dhambi hii ataibeba mwenyewe na haitamlemea. Nje watoto walikuwa wakigombea mpira.

"Basi yule wa soda hakuwa yeye," mama alisema.

Mikono ya Fundi ikasimama juu ya shuka.

"Yupi, mama?"

"Si yule mtu. Kuna kitu sikuwaambieni. Siku ile waliniuliza kama namjua. Nikasema simjui, na kweli sikumjua, uso wenyewe ulikuwa umekaa vibaya, nikaogopa. Lakini alinitazama sana. Nimekaa na yale macho mpaka nimezeeka. Nikawa nasema, labda. Halafu nasema, hapana, mama angemjua." Akageuza kichwa kumtazama binti yake. "Sasa kama alikufa kabla, hakuwa yeye."

Kumbe tarehe ilikuwa ya hilo. Kidole kilikuwa mlango tu wa kuingilia. Na Fundi alikuwa amekwisha kuufunga, kwa mkono wake, na ufunguo ameutupa.

"Hakuwa yeye, mama," alisema.

"Afadhali." Mama akafumba macho, akawa anatabasamu kidogo. "Maskini, alikuwa mtu mwema lakini. Alipotaka kuondoka nilimwita. Sijui kwa nini nilimwita. Nilimwachia funda moja la mwisho chupani, nikampa. Akafungua kile kitambaa, akanywa, nyingine ikamwagika kwenye shati. Akaifuta kwa mkono, akalamba mkono. Hata tone hakuacha. Nikafikiri, huyu naye hajawahi kunywa soda."

Fundi akafungua mdomo. Alilokuwa nalo kifuani lilikuwa dogo kabisa, la maneno machache, na lingekuwa zawadi kubwa kuliko kitu chochote alichowahi kumpa mama yake: ulimpa baba yako, mama, alikunywea mkononi mwako. Lakini huwezi kumpa mtu funda lile bila kumpa na lile swali lililoulizwa mara mbili. Akafunga mdomo. Machozi hayakuomba ruhusa.

Mama alisikia, akafumbua jicho moja.

"Sasa wewe unalia nini?" alisema, akanyoosha mkono na kumpapasa goti, mkono mwepesi kama kitambaa cha bitana. "Ilikuwa soda tu, mwanangu. Na mtu mwenyewe si wetu."

"Ndiyo, mama," Fundi alisema. "Nimechoka tu na kutembea."

"Nenda kapumzike, basi. Na huyo daktari asipokuwepo kesho, uninunulie moja. Ya baridi."